Bibi yetu wa Lamu ametutoka na ID yake haikubaliani na wazee, tuanzie wapi kuandika maisha yake?

SWALI: Asalaam aleikum. Bibi yetu mzaa mama alifariki Lamu, sasa ni mwezi wa pili. Mie naishi Mombasa. Wajukuu tumekubaliana tuandike maisha yake, tuyasome kwenye hitma ya mwaka na watoto wabaki nayo, lakini hatujui tuanzie wapi. ID yake yasema 1938. Mtoto wa mama yake mkubwa, aliyemzidi umri kidogo na bado yuko hai, asema bibi alizaliwa siku za Maulidi, kaskazi ikivuma, majahazi ya Arabuni yako bandarini. Mjomba naye ashikilia kuwa bibi alikuwa msichana anayejifahamu wakati Malindi ilipopigwa mabomu. Tuna albamu moja imegandana, sanduku lake la leso, karatasi kadhaa za herufi za Kiarabu hakuna anayeweza kuzisoma, na voisi noti zake kwenye simu yangu. Kila ninayemuuliza ananiambia alikuwa mpole, mkarimu, mcha Mungu. Ni kweli yote, lakini hayajazi hata ukurasa mmoja. Nisaidie.

JIBU: Waaleikum salaam dadangu, pole sana, Mola amrehemu bibi na ampe kauli thabiti. Ntakujibu kwa urefu manake kazi yangu ndio hii, kukaa na wazee wa pwani kurekodi habari zao na kusaidia familia kutunza picha na makaratasi, na swali kama lako huwa linanifikia wakati waliomjua marehemu akiwa msichana wote wameshaondoka. Wewe umeuliza mapema na kuna mtu mmoja hai aliyemuona bibi yako akiwa mtoto mchanga. Hio ni mali kubwa mno.

Kwa hivo usianze na albamu wala usifungue laptopu uandike "Bibi yetu alizaliwa". Panda basi mpaka Mokowe, vuka na boti, nenda kakae na huyo ndugu yake, na uende mwezi huu. Karatasi zimekaa sandukuni miaka na zitakaa tena, lakini yeye ni mtu mzima sana na akilala siku moja asiamke utoto wa bibi yako umefungwa, hakuna atakayeufungua. Na usiishie kwake. Uliza ni nani walikuwa mashoga zake, yaani rafiki zake wa kike, alisoma chuo cha Kurani kwa mwalimu gani na nani walikaa naye mkeka mmoja, kwenye harusi za mtaani alikuwa akiitwa kufanya nini na alikwenda na kina nani, jirani wa mlango wa pili ni nani. Na kuna mmoja watu wanamsahau kila mara, yule mwanamke aliyekuwa akiwasaidia kazi za nyumbani, akitwanga akichota maji akilea wale watoto, yeye aliona mambo ya ndani ambayo hata mama yako hayajui. Mtafute, na ukimpata mpe heshima ile ile unayompa ndugu wa damu, na jina lake liingie kwenye maandishi akikubali, manake nyumba nyingi za Lamu zimesimama juu ya kazi ya wanawake ambao hawatajwi popote na mie hilo linaniuma kweli.

Sasa ukishakaa nao. Unapata sifa tupu kwa sababu unauliza maswali ya sifa. Ukimuuliza mtu "bibi alikuwa mtu wa namna gani" na bibi ndio juzi amezikwa, atakujibu nini zaidi ya mpole na mkarimu? Adabu yenyewe inamlazimisha. Muulize kazi. Muulize siku ilivyokwenda. Alfajiri akishaswali alishika nini kwanza, alipika mkaa au kuni, unga wa vitumbua aliuumua saa ngapi, nani aliyepeleka kuuza na walikuwa wakiuza senti ngapi, ukili alipata wapi na mkeka mmoja ulimchukua muda gani, kofia alizishona za nani, alizikata mwenyewe au alipewa zimeshachorwa, pesa ya kofia alikuwa akiipokea yeye au babu. Harusini alikuwa mpambaji, alikuwa wa jikoni kwenye masufuria, au alikuwa wa kushika vugo, ile pembe ya kupigia ngoma za arusi, na kuanzisha nyimbo? Ukiuliza hivo mpole anakuwa mtu. Utasikia kuwa huyo mpole alimrudisha mpambe mmoja nyumbani kwa kuharibu piko, ile rangi nyeusi ya kumpambia bibi arusi, au kuwa alikataa kuuza kofia kwa bei ya dalali akakaa nayo mpaka Ramadhani, na huo ndio msimamo wake unauona kwa macho, huna haja ya kuutaja.

Sanduku la leso nenda nalo. Usiulize maswali kwanza, fungua tu utoe moja moja uweke mkekani, nyamaza. Hii alipewa na nani, hii aliivaa arusi ya nani, hii mbona haijakatwa bado jozi nzima? Mabibi watazishika watazinusa watasoma maandishi yake na hapo hapo hadithi zitaanza kutoka bila wewe kusukuma, na mara nyingi watabishana wao kwa wao, waache wabishane, ndani ya ubishi ule ndio utapata jina la mtu au la nyumba ambalo hakuna angelikumbuka akiwa peke yake. Kila leso ipige picha na sauti iseme wakati ule ule "hii ya kijani", ili baadae ujue habari ipi ni ya ipi.

Kuhusu kurekodi, simu yako inatosha. Iweke kwenye hali ya ndege ili isiingie kol katikati, zima feni kama joto linavumilika, chagua chumba cha ndani manake ukikaa barazani au karibu na dirisha la uchochoroni utarekodi punda na watoto wa chuo. Simu iweke juu ya leso iliyokunjwa, sio mezani kavu, vikombe vya kahawa na tasbihi vinapiga kelele kwenye rekodi kuliko unavyodhani. Baada ya alasiri ni wakati mzuri, wameshapumzika. Saa moja inatosha, mzee akichoka anaanza kukubalia kila unachosema. Na omba ruhusa kabla ya kubonyeza, mwambie wazi nani atasikia. Kuna mabibi hawapendi sauti yao isikiwe na wanaume wa nje au iwekwe mtandaoni, hio ni haki yao, mwambie ni ya familia tu na uishike ahadi hio. Ukija kuandika usiwasawazishie lugha, akisema "ndoo" kwa maana ya njoo andika hivo hivo, Kiamu chao, Kiswahili cha Lamu, kiachwe kilivyo.

Sasa tuje kwenye mwaka, hapa ntakaa kidogo manake umenipa vitu vizuri sana na naona hamjui kuwa mnavyo.

Kwanza ID msiitegemee sana. Zamani kipande, yaani kitambulisho, Kenya kilikuwa cha wanaume, wanawake walianza kupewa vitambulisho baada ya sheria kubadilishwa mwaka 1978, na kusajili vizazi kwa lazima kulienea nchi nzima mwaka 1971 tu. Kwa hivo bibi yako aliingia ofisini akiwa mama mzima wa watoto, hana karatasi yoyote ya kuzaliwa, karani akamuangalia akakadiria au aliyekwenda naye akataja mwaka ili mambo yaishe. Ule mwaka ni wa karani.

Huyo ndugu yake ndio amekupa kitu cha kupima. Maulidi na kaskazi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko huu wa kalenda ya ukutani, kwa hivo Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, unarudi nyuma kila mwaka na unazunguka misimu yote kwa miaka 33 hivi. Kaskazi haihami, inavuma Desemba mpaka Machi. Basi angalia: mwaka 1938 Mfungo Sita uliingia mwanzo wa mwezi wa tano, wakati huo masika yameshika, upepo wa kusi umeanza, majahazi ya Arabuni hayakai bandarini tena yanaondoka kurudi kwao. Maneno ya huyo ndugu yake na 1938 hayawezi kukaa pamoja. Lakini 1945 Mfungo Sita uliingia katikati ya Februari, kaskazi tupu na bandari imejaa. 1949 uliingia siku za mwanzo za Januari. Ukipiga hesabu, Mfungo Sita ulikuwa ndani ya kaskazi kuanzia kama 1943 mpaka 1951, na mara ya kabla ya hapo ni miaka ya 1910 na kitu, ambayo haiwezekani kwa bibi yako. Kwa hivo kama kumbukumbu ile ni sawa, bibi alizaliwa ndani ya hio miaka minane tisa. Rudi umuulize zaidi, Maulidi ipi, ya nyumbani na misikiti mingine au ile kubwa ya msikiti wa Riyadha inayosomwa mwisho mwisho wa mwezi, na majahazi ndio yanaingia au yalikuwa yameshapakia boriti yanangoja upepo ugeuke, manake huko kuingia na kungoja kunatenganisha miaka. Muulize pia yeye mwenyewe siku hio alikuwa mkubwa kiasi gani, alikuwa ameanza chuo, alikuwa anafunga Ramadhani nzima au nusu siku.

Na mjomba? Malindi ilipigwa mabomu na ndege za Waitaliano mwezi wa kumi 1940, Uingereza na Italia zikiwa vitani. Kama bibi alizaliwa 1943 au baadae basi hakuwepo duniani. Lakini naamini mjomba amesikia alichosikia, nyumba nyingi habari kubwa ya mama inasimuliwa na binti kwa "tulikimbia, tulijificha" mpaka wajukuu wanaamini binti alikuwepo. Muulize aliisikia vipi, bibi alisema aliona nini kwa macho, ndege, moshi, au alisema watu walikimbilia wapi? Na nani wa familia alikuwa akiishi Malindi wakati ule? Pengine mtagundua kuwa mama yake bibi alikaa Malindi na hakuna aliyewahi kuwaambia, na hilo ni jambo kubwa kuliko mwaka wenyewe. Ila usimpinge mjomba mbele ya watu. Kwenye maandishi weka yote mawili kwa adabu, fulani asema hivi, fulani asema hivi, sisi twaona ilikuwa katikati ya miaka ya arobaini kwa sababu hizi.

Ushahidi mwingine wa kukaza: mtoto wake wa kwanza alizaliwa kabla au baada ya uhuru, Desemba 1963? Aliolewa kabla ya hela kubadilika, manake shilingi ya Kenya ilikuja 1966 na kabla yake tulitumia ya Afrika Mashariki, na mahari wazee wanaikumbuka hata sarafu zake. Alikuwa wapi Mzee Kenyatta alipofariki Mombasa Agosti 1978, alikuwa na mimba ya mtoto yupi. Boriti za mikoko zilipopigwa marufuku kusafirishwa nje 1982 babu alifanya kazi gani baada ya hapo na bibi aliongeza biashara gani nyumbani, hapa mara nyingi ndio unakuta wanawake walibeba nyumba nzima kwa vitumbua na kofia na hakuna aliyeandika. Halafu muulizie cheti cha ndoa. Sheria ya kusajili ndoa na talaka za Kiislamu pwani ilikuwepo tangu 1906, kwa hivo inawezekana ndoa ya bibi imeandikwa, anzia kwenye mahakama ya kadhi Lamu, nenda na majina kamili ya wote wawili mpaka ya babu zao, na mwaka wa kukisia, bila hivo karani hatakuwa na pa kuanzia.

Zile karatasi za herufi za Kiarabu, tafadhali zishikeni vizuri. Naomba msiandike popote kuwa bibi "hakusoma". Hakwenda skuli ya serikali, sawa, lakini kama mkono ule ni wake basi alikuwa anasoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alivyofundishwa chuoni, na wanawake wa visiwa hivi wameandika hivo toka zamani, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye wasia wake mwaka 1858. Inaweza kuwa ni dua, hesabu ya waliomdai na aliowadai, majina ya waliotoa zawadi kwenye arusi ya mama yako, au mashairi. Sharti zisomwe. Na hapa kuna njia ambayo watu hawaijui: anayejua kusoma Kurani vizuri anaweza kuzitamka, lakini huenda asielewe, kwa sababu maandishi yale hayaonyeshi sauti zote za Kiswahili sawasawa, basi mwekeni yeye asome kwa sauti, pole pole, na karibu yake akae mtu mzima wa Lamu asikilize tu, huyu atayashika maneno. Rekodini hicho kikao. Mkikwama kabisa kuna RISSEA hapo Mombasa, taasisi ya utafiti wa Uswahili chini ya Makumbusho ya Taifa, pelekeni picha za karatasi, sio karatasi zenyewe. Na mzee yeyote wa familia asizichome wala kuzizika kwa kuwa zina aya, nia yake ni heshima najua, lakini kwanza zisomwe na zipigwe picha. Hata hati za Riyadha zimepigwa picha za kidijitali kwa msaada wa maktaba ya taifa ya Uingereza, na za bibi yako kwenu nyinyi zina thamani hio hio.

Albamu usiivute. Hizo za kurasa za gundi na plastiki juu zinakula picha, na ukingangania kubandua utabaki na nusu ya uso mkononi. Piga picha kila ukurasa ulivyo, karibu na dirisha asubuhi, bila mwanga wa simu. Picha zinazotoka kirahisi pitisha uzi wa kusafishia meno taratibu kati ya picha na gundi, zilizokataa ziache. Ukizipeleka kuskani waambie nukta 600 kwa inchi, zile za zamani ni ndogo na utataka kuzikuza. Majina yaandike nyuma kwa penseli laini, kalamu ya wino inatokea mbele, na msizipige laminesheni hata mtu akiwaambia ndio usalama. Kisha zikae kwenye boksi la karatasi, rafu ya juu, mbali na ukuta, manake kuta zetu za mawe ya matumbawe zinavuta unyevu na chumvi na kila kinachoegemea kinashika ukungu.

Voisi noti zifanye leo, ukimaliza kusoma hapa. Simu ikianguka majini kati ya Mokowe na Lamu zimekwenda. Ingia kwenye chati ya bibi ndani ya WhatsApp, hamisha chati pamoja na media, itume kwenye imeili yako, weka nakala nyingine kwenye fleshi na nyingine kwa ndugu anayekaa mbali na wewe. Faili zinakuja na majina ya herufi na namba tu, zipe majina, tarehe na alichozungumza. Usifute ile ya sekunde kumi anayouliza tu umekula nini, wala ile aliyobonyeza kwa bahati mbaya unamsikia anamuita mtu jikoni.

Utakutana na mambo mazito, hilo nakwambia kabla. Talaka ya kwanza isiyotajwa, mke mwenza, watoto waliofariki wachanga, ugomvi wa nyumba. Mie rai yangu ni hii: watoto waliofariki waandikwe, kwa majina kama yapo, alibeba mimba zile na aliwazika, kuwaacha ni kumpunguza. Ndoa za mwanzo ziandikwe kwa sentensi moja ya kawaida, hakuna aibu ndani yake. Ugomvi wa mali na siri za watu walio hai uache kwenye rekodi tu, usiuandike, na usiisambaze rekodi hio kwenye grupu la familia. Na aliyekwambia jambo kisha akasema "hili usiandike", basi usiliandike.

Kwenye hitma yenyewe msisome yote. Watu wamekuja kumsomea na kumuombea dua, dakika tano zinatosha, chukua mambo matatu aliyoyafanya kwa mikono yake na majina ya aliofanya nao, na wale mabibi waliokupa habari wasomewe kwanza nyumbani kabla ya siku hio ili wakosoe. Yaliyobaki yote yawe kijitabu, chapisha nakala chache, ya nyumba ya Lamu, ya mama yako, ya mjomba, na moja kwa huyo ndugu yake wa mama mkubwa hata kama hasomi, mjukuu wake atamsomea.

Ukisharudi Lamu niletee majibu ya Maulidi ipi na majahazi yalikuwa yanaingia au yanangoja, tutapiga hesabu ya mwaka pamoja, na ukipiga picha zile karatasi nitumie mbili tatu nikutazamie ni Kiswahili au ni Kiarabu, ili mjue mnamtafuta msomaji wa namna gani.